Washa Kamera Nijue Uko Salama

Kila bango la kuonya watoto kuhusu intaneti lina yule jamaa. Unamjua. Amevaa hudi nyeusi, uso hauonekani, vidole viko kwenye kibodi. Mwonyeshe mtoto wa miaka 8 bango hilo na atakubaliana nawe kabisa: huyo ni mtu mbaya, hawezi kuongea naye hata siku moja. Kisha atarudi kwenye gemu yake kuongea na rafiki mwenye avata ya sungura, yule aliyempa upanga wa bure jana. Kwa akili yake hao ni watu wawili tofauti. Na nani atamlaumu? Hakuna aliyemwambia kwamba hatari inaweza kuja na zawadi.

Ndiyo maana nimekuwa nikiwasukumia watu filamu isiyo na hudi hata moja. *We're All Going to the World's Fair*, ya mwelekezi Mmarekani Jane Schoenbrun, ilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Sundance Januari 2021. Ni filamu ndogo, chini ya saa moja na nusu, na karibu yote imebebwa na watu wawili. Wengi huiweka kwenye rafu ya filamu za kutisha, kisha wanalalamika kwamba haitishi. Mimi naona ndiyo filamu inayosema ukweli zaidi kuhusu mtoto, gemu na kamera. Naona pia mahali inapotuacha mataani. Nitafichua mwisho, kwa hivyo kama hilo litakukera, icheki kwanza halafu urudi.

Casey, anayeigizwa na Anna Cobb, ni msichana wa umri wa sekondari anayeishi na babake katika mji wa Marekani wenye barabara tupu. Usiku mmoja anajiunga na mchezo wa kutisha wa mtandaoni. Ili uingie, unakaa mbele ya kamera, unatamka maneno fulani mara tatu, unajidunga kidole, unapaka damu kwenye skrini, kisha unatazama video ya mataa yanayomulikamulika. Baada ya hapo unangoja ubadilike, na unarekodi mabadiliko hayo ili wachezaji wengine waone. Pointi hakuna, mshindi hakuna. Kujirekodi ndio mchezo wenyewe.

Hapa filamu inayapiga mabango yote kwa mbali. Dakika za mwanzo tunakaa mahali ambapo kamera ya kompyuta ipo. Casey anajaribu salamu yake, haimridhishi, anapangapanga chumba, anaanza upya. Mataa ya ile video yanapita usoni mwake, lakini video yenyewe hatuioni. Tunaona uso tu. Schoenbrun hatuletei mzimu. Anatukalisha kwenye kiti cha mtu anayemtazama mtoto aliye peke yake usiku, na anatuacha hapo muda mrefu hadi mtu uanze kujiuliza: sasa mimi nafanya nini hapa?

Wakati huohuo tunaelewa kwa nini Casey hawezi kuzima. Budaa wake hatumwoni. Yeye ni sauti tu, inayofoka kutoka upande wa pili wa mlango. Kwa kamera, hata hivyo, kuna watu. Labda wachache, labda hakuna anayetazama leo, lakini kesho anaweza kuja mmoja. Sisi watu wazima tukifikiria kamera tunafikiria mwizi anayechungulia dirishani. Mtoto anafikiria jukwaa. Ukimwambia "kuna mtu anakutazama," unadhani umemtisha, kumbe umempa habari njema.

Na mtu anakuja. Anajiita JLB. Anamtumia Casey picha ya uso wake ulioharibiwa na kumwambia yuko hatarini. Wanaanza kuongea. Casey anaonekana, yeye amejificha nyuma ya mchoro. Baadaye sisi watazamaji tunaonyeshwa huyu JLB ni nani: mwanamume wa makamo katika nyumba kubwa, mwenye uso wa huzuni. Michael J. Rogers anamwigiza kwa upole unaoudhi, kwa sababu unataka sana kumchukia na hakupi nafasi. Ombi lake kwa Casey ni moja. Aendelee kurekodi video, ili yeye ajue yuko salama.

Hilo ombi ndilo moyo wa filamu. Jionyeshe ili nikulinde. Ndani ya sentensi moja kuna mtu anayejali na mtu anayetaka kuendelea kutazama, na hakuna kisu chenye makali ya kuwatenganisha. Mtoto hawezi kuwatenganisha. Pengine hata JLB mwenyewe hawezi.

Mwishoni JLB anaomba watoke nje ya mchezo kidogo, waongee kikweli. Anaogopa Casey atajidhuru. Casey anakasirika: alijua tangu mwanzo kwamba ni hadithi tu. Anakata mawasiliano na hatumwoni tena. Anayebaki ni JLB, akitusimulia jinsi walivyokutana baadaye na mambo yakawa sawa. Hatujui kama ni kweli au ameitunga ili apate usingizi.

Kwa upande mmoja, mwisho huu ni sahihi kiasi cha kuuma. Mtoto anaweza kuondoka kwenye gemu, lakini hadithi yake na video zake zinabaki mikononi mwa aliyetazama. Kwa upande mwingine, nadhani filamu inambembeleza JLB kupita kiasi. Utata wake unakubalika kwa sababu Casey ni mkubwa vya kutosha kusema "nilijua ni mchezo" na kuvuta plagi. Mtoto wa darasa la tatu hana sentensi hiyo. Hajui kuna ndani na nje ya mchezo. Rafiki wa kwenye gemu ni rafiki, basi. Ukimtoa Casey na kumweka mtoi wa miaka 8, utata wote unayeyuka na kinachobaki ni mtu mzima anayekusanya video za mtoto usiku.

Na hiyo si hadithi ya kubuni. Omegle, tovuti ya kukutanisha watu wasiojuana kwa kamera, ilianzishwa 2009 na ikafungwa Novemba 2023, baada ya kesi ya mwanamke aliyekutanishwa humo na mnyanyasaji wake akiwa na miaka 11. Haikujiita gemu, lakini watoto waliicheza kama gemu: bonyeza, uone utampata nani.

Kuna jambo lingine ambalo filamu haingeweza kulijua. Casey ana chumba chake, kompyuta yake na mlango wa kufunga. Watoto wengi wa mitaa yetu wana simu ya mathe, bando ya jioni, na kona ya kochi. Simu inatolewa ili mtoi atulie ugali uive. Watu wako kila upande, kwa hivyo tunaamini yuko salama; si tunamwona? Tunamwona yeye, ndiyo, ila hatuoni skrini yake. Upweke wa Casey uko kwenye nyumba tupu. Wa watoi wetu unatokea katikati ya watu, kelele za taarifa ya habari zikiendelea.

Kamera ya mbele, kwa upande wake, inaona kila kitu. Inaona sweta ya shule ambayo hajavua, yenye rangi na nembo inayotambulika mtaa mzima. Inaona kalenda ya kanisa ukutani, yenye jina la kanisa. Inanasa sauti ya mamake akimwita kwa jina lake kamili, na kondakta nje akiita abiria wa ruti ile. Mtoto anaweza kuwa amefundishwa asitaje anapoishi, na asitaje. Nyumba inamtajia.

Sasa angalia jinsi gemu zenyewe zinavyojaribu kutibu shida hii. Novemba 2025, Roblox, inayochezwa na zaidi ya watu milioni 100 kwa siku, ilitangaza kwamba anayetaka kuchati lazima umri wake uhakikishwe, na njia kuu ni kuelekeza kamera usoni ili programu ikadirie miaka. Ukishapimwa, unawekwa na wa rika lako. Utekelezaji ulianza Desemba katika nchi chache, Australia na Uholanzi zikiwemo, kisha ukaenea Januari 2026. Kampuni inasema picha hufutwa baada ya kipimo.

Sisemi ni wazo la kijinga. Ukuta kati ya watu wazima na watoto ndio uliokosekana kati ya JLB na Casey. Lakini sikiliza sentensi yenyewe: washa kamera, tujue uko salama. Ni ombi la JLB, limevaa sare ya kazi. Hata kama kampuni hii ni mwaminifu kwa asilimia 100, mtoto amejifunza mwendo: skrini ikisema "tuonyeshe uso wako ndio uendelee kucheza," unaonyesha. Atakayekuja kesho na ujumbe unaofanana na huo hatahitaji kumshawishi. Kazi ya kushawishi imeshafanywa.

Wakenya wangepaswa kulielewa hili haraka. 2023 tulipanga foleni pale KICC mboni zetu zipigwe picha na Worldcoin kwa pesa za kidijitali za kama shilingi 7,000, hadi serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Hao walikuwa watu wazima, wenye vitambulisho. Mtoto bei yake ni ndogo zaidi. Ni raundi moja ya gemu.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla data ya mtoto haijachakatwa, na hilo lifanyike kwa maslahi ya mtoto. Mnamo 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila ridhaa ya wazazi. Lakini ridhaa ni ya nani, mtoto akicheza kwa akaunti ya mathe, kwa simu ambayo mathe mwenyewe alishabonyeza "ruhusu" kwa kila kitu ili apate kupumzika?

Wazee walisema mtoto akililia wembe, mpe. Atakatika, ataona damu, atajua. Methali hiyo ilitungwa kwa kifaa kinachojeruhi hapohapo, mbele ya mama. Kamera haikati mtu akalia. Inachukua, inanyamaza, na jeraha linatokea kwenye skrini ya mtu mwingine, pengine miaka baadaye. Hapo methali haifanyi kazi.

Kwa hivyo usimpe mtoi filamu hii. Haimfai kwa umri wake. Icheki wewe, dada mkubwa, anko, mzazi mpya mwenye simu ya pili kwenye droo. Icheki halafu uingie kwenye mipangilio ya simu, utafute ruhusa za kamera, uone ni gemu ngapi zinayo. Uzizime. Kisha kaa kwenye kochi na uombe ufundishwe kucheza. Utashindwa vibaya na utachekwa. Utamjua pia yule sungura mwenye panga za bure, na mtoto atakuwa na mtu wa kumtazama akicheza bila kuhitaji kuwasha chochote.