Kuusoma Mwaridi Unaokua Ovyo

Mtunza bustani hodari hujulikana kwa anavyojizuia kutoa hukumu. Akiona chipukizi lenye umbo geni hakimbilii mkasi. Kwanza hutafuta mambo matatu: limeanzia wapi, likikomaa linakuwaje, na limeenea upande gani wa mti. Dalili moja peke yake haitoshi kuutia mwaridi hatiani.

Anzia chini

Fukua udongo kidogo hadi uone kifundo, pale mti ulipobebeshwa. Chipukizi linalotoka chini ya kifundo ni la shina mama, ambalo Kenya mara nyingi huwa Natal Briar. Hukua kwa kasi, na majani na miiba yake havifanani na vya juu. Wengi huhesabu vijani, wakiamini kwamba saba ni vya mwitu na vitano ni vya bustani. Kipimo hicho hudanganya, kwani mawaridi mengi ya bustani nayo hutoa saba. Lifuate chipukizi hadi linakoanzia, ulinyofoe kwa mkono. Ukilikata tu, litachipua tena.

Hapohapo kagua uvimbe. Kifundo cha kubebesha ni kigumu na hakibadiliki sana mwaka hadi mwaka. Nundu za bakteria aitwaye Agrobacterium tumefaciens huanza laini na nyeupe-nyeupe, kisha hukauka, huwa nyeusi na kumomonyoka. Bakteria huyu huingilia jerahani na kupachika kipande cha vinasaba vyake ndani ya seli za mti, ndiyo maana kuchonga nundu hakuuponyi. Ng'oa mti, safisha mkasi kwa spiriti, na usipande mwaridi mwingine hapo kwa miaka kadhaa.

Wekundu na miiba

Machipukizi mengi ya mwaridi huzaliwa mekundu, hasa baada ya kupogoa. Subiri jani likomae: wekundu ukigeuka kijani, mti ni mzima. Usipogeuka, pima unene wa tawi na utazame miiba. Ugonjwa wa rozeti, unaoangamiza miwaridi Marekani ya Kaskazini, huonyesha tawi nene kuliko lile lililolizaa, miiba laini iliyosongamana, na machipukizi yaliyofungamana kama fagio. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka 2011, na hubebwa na utitiri mdogo mno unaopeperushwa na upepo. Hauna tiba. Dalili hizi zikikutana kwenye mti mmoja, ung'oe pamoja na mizizi.

Majani membamba, yaliyofifia na kusongamana bila miiba kuongezeka, yanaelekeza kwenye kiuagugu cha glaifoseti. Uliza kilichonyunyiziwa karibu na uzio, hata miezi iliyopita, kwa sababu madhara yake yanaweza kujificha hadi mti uchipue upya. Upande mmoja ukiwa umeathirika na mwingine salama, shaka inapungua. Mti uliopata dawa kidogo hupona wenyewe, na machipukizi ya baadaye huja na umbo lake la kawaida.

Mageuzi yasiyodhuru

Tawi lililokuwa bapa, au tumba linalochomoza katikati ya ua, huwa ni hitilafu ya ukuaji. Likikuchukiza, kata. Tawi lililokoma bila tumba, lipunguze hadi juu ya jani lenye afya, nalo litachipua upya.

Yapo pia mageuzi yenye thamani. Waridi la 'Chicago Peace', lililotolewa sokoni mwaka 1962, lilitokana na tawi la mwaridi wa 'Peace' lililobadilika rangi. Kwa hiyo tawi lenye afya likikutolea ua la rangi ngeni, lifunge uzi wa alama na ulitazame likichanua tena. Likirudia rangi ileile, chukua vikonyo vyake ubebeshe kwenye shina jingine kabla ya kupogoa mti mzima.