Mwalimu Ajuaye Kungoja

Kifuu cha nazi hakiingii darasani hivi hivi. Hukwanguliwa nyuzi, kikapigwa msasa ukingoni mpaka kidole cha mtoto kipite bila kukwaruzwa, ndipo kikatiwa kikapuni pamoja na vingine, vikubwa kwa vidogo. Walimu wa chekechea za madrasa Mombasa wana ufundi huu tangu 1986, mradi ulipoanza kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, baada ya viongozi wa Waislamu wa Pwani kutaka watoto wao wapate msingi wa shule bila kuiacha dini. Bi Swafiya Said, mwalimu wa Mombasa, alikuwa mstari wa mbele. Mtaala wa HighScope kutoka Marekani, uliosimama juu ya mawazo ya mwanasaikolojia Jean Piaget, ukaingizwa simbi, ukili, vifuu na nyimbo za Kiswahili.

Piaget alishikilia kwamba mtoto hapokei maarifa yakiwa tayari. Huyajenga mwenyewe kwa kushika na kujaribu. Kulisema hilo ni rahisi. Kulitenda mbele ya darasa lililojaa ndiko kugumu.

Mtazame mwalimu aliyeketi mkekani na binti anayepanga vifuu, kidogo mpaka kikubwa. Kimoja kimesalia na mstari umekwisha. Mwalimu ameshaona nafasi yake, lakini mkono wake hautoki mapajani. "Na hichi utakieka wapi, mama?" Kisha kimya. Mtoto anakiweka mwisho, anakitazama, anakiondoa, anakipima na cha tatu, anausukuma mstari mzima kutengeneza nafasi. Kimya kile ndicho kazi yenyewe, nami sijui ufundi mgumu kuliko huo.

Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kupeleka vishikwambi kwa watoto wa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma. Nimevifurahia. Ila programu nyingi humpa mtoto jibu mara tu anapogusa, sahihi au kosa, na ile nafasi ya kujipima inapotea. Mwalimu aliyelelewa na vifuu hukitumia chombo hicho kwa namna nyingine. Katika utaratibu wa HighScope mtoto hupanga, hutenda, kisha hukumbuka alichotenda. Na hapo kwenye kukumbuka ndipo picha iliyopigwa kwa kishikwambi inapofaa. Mnara alioujenga mtoto ukiwa umeshabomoka na vifuu vimerudi kikapuni, mwalimu huitoa picha aliyoupiga ukiwa umesimama.

"Hapa ulikuwa wafanya nini, baba?"

"Naujenga mnara. Hichi kikubwa nilikieka juu, ukaanguka."

"Kisha?"

"Nikakieka chini."

Mwalimu hamwambii "vizuri sana" akapita. Huyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, pamoja na "kikubwa", "juu" na "chini", kwa kuwa humo ndimo anamoona mtoto amefika wapi katika kufikiri, na kesho atie kikapuni vifuu gani.