Bao moja, watu kumi: Stars walivyoizima Morocco

Ryan Ogam alifunga dakika ya 42. Kabla ya mapumziko, Chrispine Erambo akaonyeshwa kadi nyekundu baada ya refa kuitazama rafu yake upya kwenye skrini ya VAR. Ndivyo Harambee Stars wa Kenya walivyoingia kipindi cha pili pale Kasarani, Nairobi, Jumapili ya tarehe 10 Agosti 2025: wana bao moja, wamepungukiwa mtu mmoja, na mbele yao wapo Morocco waliokwisha kubeba kombe la CHAN mara mbili. Mechi ikaisha 1-0. Morocco hawakushindwa tena na yeyote, na tarehe 30 mwezi huohuo, katika uwanja uleule, waliilaza Madagascar 3-2 wakatwaa taji la tatu.

Huku kwetu Siongiroi, Bomet, bado kuna wanaosema ilikuwa bahati, na wengine husema ni maombi. Sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni mechi iliyotangulia. Dhidi ya Angola, siku tatu kabla, Marvin Nabwire alitolewa dakika ya 21 matokeo yakiwa 1-1, na yakabaki hivyo hadi mwisho. Jumlisha mechi hizo mbili: zaidi ya dakika 110 za kucheza pungufu, bila kuruhusu hata bao moja. Bahati haidumu muda huo wote. Kazi ya namna hiyo hufanyiwa mazoezi.

Timu inapopoteza mtu, swali la kwanza ni pengo liachwe wapi. Ukiliacha nyuma, umekwisha. Ukiliacha katikati, kiungo wa wapinzani anapokea mpira, anageuka na kuinua kichwa akichagua pa kupiga pasi. Ndiyo maana timu nyingi zenye watu kumi huliacha mbele: mabeki wanne, viungo wanne mbele yao, na fowadi mmoja anayebaki peke yake akikimbilia kila mpira uliobutuliwa. Ni kazi ya kuchosha na isiyosifiwa, lakini bila yeye kila mpira unaoondolewa hurudi papo hapo.

Watu wanne hawawezi kufunika upana wote wa uwanja, ambao ni kama mita 68. Kwa hiyo huachia kwa makusudi upande ulio mbali na mpira. Mpira ukiwa kulia, safu yote inahamia kulia, na winga wa upande wa pili anaachwa akipunga mikono huko aliko. Pasi ndefu ya kumfikia inakaa hewani sekunde mbili au tatu, na huo ndio muda wa safu kurudi. Pasi ya kuogopwa ni ile fupi, ya chini, inayopenya kati ya viungo wawili. Ukiifunga hiyo, mpinzani hana budi kupiga krosi, na krosi ndefu inayomjia beki wa kati usoni ni mpira mwepesi kwake kuliko wote. Benni McCarthy, aliyewanoa Stars katika CHAN hiyo, alikuwa mshambuliaji wa kati, tena bingwa wa Ulaya na Porto mwaka 2004. Naamini anajua vizuri kinachomkera mshambuliaji.

Hili linafundishika. Nimemtazama mwalimu mmoja wa michezo hapa kwetu akiwapanga wavulana bila kupiga mpira hata mara moja: aliushika mkononi akatembea nao toka upande mmoja hadi mwingine, nao wakahama pamoja naye. Kosa lilikuwa lilelile kila mara. Winga wa mbali aliduwaa akiutazama mpira, akasahau kuingia ndani, ukabaki upenyo ambao ng'ombe angepita. Mwalimu alisimama, akamwonyesha upenyo huo, wakaanza upya. Tunahitaji mazoezi mengi ya aina hiyo, maana CHAN ni ya wanaocheza ligi za nyumbani tu, na tangu Zoo ya Kericho iondolewe Ligi Kuu mwaka 2021 kwa upangaji wa matokeo, ukanda wa chai ulikaa bila timu huko juu hadi APS Bomet walipopanda mwaka 2025. Sasa mlango uko karibu.

Lakini ulinzi huo wa Stars ulificha upungufu ulionisumbua tangu mechi ya kwanza. Walifunga bao moja dhidi ya DR Kongo, moja dhidi ya Angola, moja dhidi ya Morocco, moja dhidi ya Zambia. Pointi 10, uongozi wa kundi gumu, na hakuna mechi hata moja yenye mabao mawili. Dhidi ya Zambia Ogam alifunga dakika ya 75, na hapo walikuwa kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Katika robo fainali, tarehe 22 Agosti, Alphonce Omija alifunga dakika ya 48 kutokana na kona. Bao la pili halikuja. Dakika ya 69 Madagascar wakapata penalti, wakasawazisha, na baada ya dakika 120 wakashinda kwa matuta 4-3. Anayeishi kwa bao moja huishi kwa hisani ya filimbi, hata akikaba vizuri namna gani. Mpira mmoja kugusa mkono ndani ya boksi unatosha kubomoa kazi ya wiki tatu.

Harambee Starlets, timu ya wanawake ya Kenya chini ya kocha Beldine Odemba, walikwenda kwa njia nyingine miezi miwili baadaye, wakitafuta tiketi ya pili ya WAFCON, Kombe la Afrika la wanawake, baada ya ile ya 2016. Waliikaribisha Gambia Nairobi tarehe 24 Oktoba na hawakuridhika na bao la kwanza wala la pili: 3-1. Siku nne baadaye, huko Thiès, Senegal, Gambia ndio waliolazimika kufungua safu zao kutafuta mabao mawili ya kusawazisha tu. Starlets wakashinda tena, 1-0.