Kifo Kilichofutwa kwa Tangazo

Riwaya zinazoendeleza hadithi ya sinema zina udhaifu mmoja wa msingi: mwandishi si mwenye wahusika wake. Mfano ni Star Wars, mfululizo wa sinema za kubuni za kisayansi kutoka Marekani. Baada ya sinema ya tatu, mwaka 1983, hadithi ilionekana kwisha. Mwaka 1991 Timothy Zahn aliiendeleza kwa riwaya Heir to the Empire, na waandishi wengine wakamfuata.

Wasomaji walivumilia mengi: mtindo uliobadilika kitabu hadi kitabu, na mashujaa waliookoka kila hatari, kwani haikuwa hiari ya mwandishi kuwaua. Mwaka 1999, katika Vector Prime, R. A. Salvatore alimwua Chewbacca, mwandani wa rubani Han Solo. Wengi walikasirika, lakini majonzi ya Solo yaliipa hadithi uzito iliokuwa imeukosa.

Aprili 2014 kampuni ya Lucasfilm ilitangaza kwamba riwaya hizo zihesabiwe kuwa hekaya tu, nje ya historia rasmi. Mwaka 2015 Chewbacca alionekana katika sinema mpya, mzima.

Lalamiko la wasomaji si la kitoto. Mtambaji wa ngano naye hubadili matukio, lakini hadhira iko mbele yake, nayo humsahihisha papo hapo. Hapa aliyebadili ni mwenye mali, asiyeonekana, na msomaji hakuulizwa. Mhakiki hawajibiki kulifuata tangazo hilo: riwaya ipimwe kwa maandishi yake, na humo kifo kile kingali kifo.