Matt Talbot na Miezi Mitatu

Mtu akitaka kumwonya mlevi, mara nyingi humsimulia maisha ya Matt Talbot. Joseph Glynn aliyaandika muda mfupi baada ya kifo chake, na wengine wengi wakafuata. Leo twataka kuyapima masimulizi hayo, maana mtu aweza kusimulia habari ya kweli kwa namna ya kumwumiza anayesikiliza.

Habari yenyewe ni hii. Matt Talbot alizaliwa Dublin, nchi ya Ireland, mwaka 1856, katika nyumba ya maskini. Alipokuwa na umri wa miaka 12 alianza kazi kwa mfanyabiashara wa vileo, na huko alijifunza kunywa. Kwa miaka 16 mshahara wake uliishia kilabuni. Siku moja ya mwaka 1884, akiwa hana hata senti, alisimama nje ya kilabu akitumaini rafiki zake watamnunulia kinywaji. Wakampita. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba anakwenda kuahidi kuacha pombe, akaahidi, akaungama. Tangu hapo hakunywa tena, mpaka alipofariki njiani akienda Misa, tarehe 7 Juni 1925. Mwaka 1975 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mheshimiwa.

Wasimulizi wengi hupenda mambo mawili: ile siku ya ahadi, na ile minyororo ya kitubio iliyokutwa mwilini mwake alipokufa. Kati ya mambo hayo mawili ipo miaka 41, nayo hupewa mistari michache tu. Hilo ndilo kosa lao.

Sisi wenyewe tumekosa vilevile. Hapa Kolwezi yuko ndugu mmoja, mfanyakazi wa machimbo, aliyeshikwa na lutuku. Tulimsimulia habari hii kwa maneno matamu, naye akaahidi siku ya Pasaka. Akashika ahadi yake hadi Agosti. Kisha akaenda matangani kwa mjomba wake, wakampa kikombe, akanywa. Jumapili iliyofuata hakuja kanisani, wala ya pili. Jirani alipomwuliza sababu, alijibu, “Yule Mzungu alipona siku moja. Mimi si wa namna yake.”

Jibu hilo lilituchoma. Basi tukarudi kuyasoma maisha yale polepole, tukaona tulikuwa tumeruka sehemu yenye faida kuliko zote.

Kwanza, Matt hakuahidi kwa maisha yote. Aliahidi miezi mitatu tu, tena miezi hiyo ilimtesa hata akamwambia mama yake kwamba ikiisha atakunywa tena. Ilipoisha akaahidi upya, na baadaye ndipo akaahidi kwa maisha. Pili, siku moja baada ya kuacha, aliingia kilabuni na fedha mfukoni. Mwuzaji alikuwa na shughuli, hakumhudumia, naye akatoka. Tangu hapo akaazimia kutembea bila fedha. Tatu, jioni, saa zile alizozoea kunywa, alikwenda kanisani, maana saa tupu ilikuwa hatari kwake. Nne, alilipa madeni yake. Na kwa kuwa zamani yeye na wenzake walimwibia mpiga fidla fidla yake wakainywea pombe, alimtafuta mtu yule sana. Asipomwona, alitoa fedha Misa zisomwe kwa ajili yake.

Huyu si mtu aliyepona siku moja. Ni mtu aliyejua udhaifu wake, akauwekea ulinzi kila siku. Waganga wa leo wanasema jambo lilelile: utumwa wa kileo ni ugonjwa, na mwili unaukumbuka muda mrefu. Harufu, siku ya mshahara, rafiki wa zamani, huzuni ya msiba, vyote huamsha kiu hata baada ya miaka. Anayeanguka hajarudi mwanzo kabisa. Amejifunza mahali penye shimo. Tena mlevi wa siku nyingi asiache ghafula peke yake nyumbani, maana aweza kutetemeka na kushikwa na degedege hata kufa. Apelekwe kwa mganga wa hospitali.

Lakini hata vitabu vizuri juu ya Matt vina upungufu. Yeye hakuwa na mke wala watoto, na mambo ya moyo wake aliyasema kwa wachache. Hivyo havitufundishi mengi juu ya mke anayengoja mlangoni. Wala minyororo yake si dawa ya kumpa kila mlevi. Mchimbaji wa kwetu hupata fedha taslimu, na lutuku iko karibu naye. Akikubali mwenyewe, mke au kaka yake amtunzie fedha. Siku ya malipo asirudi peke yake. Matangani apewe chai, na asiyekunywa asichekwe. Hata chama cha walevi waliokoma kunywa kilichoanza Akron, Marekani, mwaka 1935, kilianza na watu wawili walioketi na kuzungumza, kila mmoja akimsaidia mwenzake.

Wazee waliona bwawa la Nzilo likijengwa miaka ya 1950. Mto Lualaba haukukauka siku ukuta ulipokamilika. Maji yanausukuma hadi leo, usiku na mchana, na lazima wawepo watu wa kuuangalia. Mazoea yana taabu, wasema wahenga. Nayo hayaishi kwa sababu mtu ameapa.

Ndugu yetu yule tumekwenda kumwona. Safari hii hatukumsomea kitabu. Tulimwomba radhi, tukamwuliza mshahara wake hutoka siku gani, ili tukamngoje mlangoni mwa kazi. Akatutajia siku.