Uwezekano si Nusu kwa Nusu: Istilahi za Hisabati na Mwalimu Mtarajiwa wa Ludara

Wahakiki wa Kiswahili tumezoea riwaya na diwani. Istilahi tunawaachia watu wa kamusi, kana kwamba neno likishasanifiwa kesi yake imekwisha. Lakini Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwenzetu atakayepangiwa Ludara, wilayani Koboko, atawakuta watoto walioanza masomo kwa Kikakwa, ambao darasa la nne wanahamia Kiingereza. Pamoja na salamu na ngeli, atawapelekea pia maneno ya maumbo na hesabu. Ni haki tuyapime maneno hayo kabla hajapanda basi la Arua.

Katika jiometri mengi yanasimama. Pembetatu ni jina na fasili kwa pamoja. Kipenyo kinapenya duara kupitia kitovu chake, na mtoto anaona. Ugomvi wangu ni na nusukipenyo. Anayechora msingi wa nyumba ya mviringo huchomeka kigingi, hufunga kamba, kisha huzunguka. Kamba hiyo ndiyo ya kwanza. Kipenyo huja baadaye, kama kinakuja. Istilahi imeligeuza jambo kichwa chini: inataka mtoto apate kitu kizima, akikate, ndipo akutane na kile ambacho fundi alikuwa nacho mkononi tangu mwanzo. Mwalimu aanze na kamba, jina lifuate. Tena nyumba hiyo ina somo jingine. Uzi wa mita 12 ukiuzungusha kuwa mraba unafunga mita za mraba 9. Ukiwa duara unafunga zaidi ya 11.

Mstatili nao una kasoro yake. Asili yake ya Kiarabu ni kitu kilichorefushwa, na picha hiyo ya urefu imetuganda. Ndiyo maana wengi, hata walimu, hukataa kwamba mraba ni mstatili, ingawa una pembe mraba nne kama mstatili wowote.

Penye shida kubwa ni uwezekano. Neno limetoka katika kuwezekana, na jambo ama linawezekana ama haliwezekani. Mtoto akisikia “kuna uwezekano wa mvua”, anaambiwa tu kwamba mlango haujafungwa. Hajaambiwa umefunguliwa kiasi gani. Hapo ndipo linapozaliwa kosa linalojulikana: itanyesha au haitanyesha, mambo mawili, basi ni nusu kwa nusu. Kosa hili lipo katika lugha nyingi, lakini neno letu linalilea.

Kwa nini neno limebaki butu hivi? Maoni yangu ni kwamba halijasuguliwa na chaki. Hisabati ya Kiswahili ilikomaa katika shule za msingi za Tanzania, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia tangu miaka ya 1960. Pembetatu na kipenyo vilipita mikononi mwa mamilioni ya watoto. Mada ya uwezekano husubiri sekondari, na huko lugha ni Kiingereza. Uganda, kinyume chake, humfikisha mtoto kwenye mada hiyo kabla ya mtihani wa kumaliza darasa la saba, akiulizwa habari za dadu na mipira ndani ya mfuko.

Kiswahili hakikosi vipimo. Kina muhali, nadra, pengine, aghalabu, yakini: ngazi nzima, na mzungumzaji hupanda na kushuka bila kufundishwa. Ningependa mwalimu aichore ubaoni, sifuri chini na moja juu, kisha awape watoto kizibo cha soda. Kina pande mbili kama sarafu, lakini hazilingani. Wakirushe mara 100, waandike kila kinavyoangukia. Hiyo ni takwimu tayari, na sehemu watakayoipata, iwe ipi, itawaonyesha kama “mambo mawili” yana lazima ya kugawana sawa.

Mtu atasema mtihani ni wa Kiingereza, basi tuyaache hayo kwa mwalimu wa hisabati. Huyo naye, mara nyingi, ndiye huyohuyo: mwalimu wa shule ya msingi hachagui somo moja. Na kuhusu pengine, sijui tuiweke juu ya robo au chini yake. Wenzangu darasani tumeigombania wiki mbili.