Subira na Radhi katika Utendi wa Mwana Kupona

Wako walimu wausomeao wanawali utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, na wakiisha kuusoma hufunga kitabu na kusema, "Mmesikia: kazi ya mke ni kuvumilia." Pengine jina la kitabu lawapoteza, maana Werner na Hichens walipoutoa utendi huo kwa chapa mwaka 1934 waliuita wosia juu ya wajibu wa mke. Lakini atakayeusoma polepole ataona kwamba habari ya kumvumilia mume mbaya haimo.

Utendi ulitungwa mwaka 1858. Mtungaji alikuwa mjane: Bwana Mataka wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, alikuwa amekufa mwaka 1856. Naye mwenyewe alikuwa mgonjwa, maradhi yametimiza mwaka, akamwita binti yake aje na wino na karatasi. Amweleza jinsi alivyokaa na mumewe kwa furaha, pasipo kuteta hata siku moja. Maagizo yafuatayo ni ya matunzo: mume akilala apepewe, akisinzia asisumbuliwe kwa kelele, akiamka akikute chakula, atunzwe kama mtoto asiyejua kunena. Ni mashauri mema ya siku za amani. Mume mkali, au mume aliyesafiri akasahau nyumba, humwoni.

Walakini dhiki ilikuwako. Katika miaka ya 1840 Siyu ilipigana na majeshi ya Seyyid Said wa Unguja, na Bwana Mataka ndiye aliyeongoza vita upande wa Siyu. Mke wa mtu kama huyo bila shaka alikesha usiku mwingi. Lakini vita vile havikusimuliwa katika wosia. Hapa ndipo nionapo upungufu wake, kama ni haki kumlaumu mgonjwa kwa aliyoyaacha: binti ameachiwa sura ya nyumba tulivu, hakuambiwa mamaye alipitaje siku zile. Beti tatu za habari hiyo zingalimfaa kuliko zote za mapambo na manukato.

Kosa la walimu latokana na kuchanganya maneno. Kustahimili ni ndugu ya hamali na himila. Asili yake katika Kiarabu ni kuchukua mzigo. Subira na shubiri, ule utomvu mchungu, zina shina moja. Mwenye subira ameonja uchungu, ila yuko jambo analolingojea. Radhi ni neno la namna nyingine. Haibebwi wala hainyang'anywi. Huombwa, ikatolewa na mwenyewe. Ndiyo sababu tukikosana twasema "kunradhi", yaani, uwe radhi. Na Mwana Kupona ameujenga wosia wake juu ya radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume.

Mtu ataniuliza, "Je, radhi hizo si za kumwendea mume tu?" Katika beti nyingi ndivyo, hata siku ya kiyama mume ndiye aulizwaye mkewe aende wapi. Sipendezwi na mizani iliyolala upande mmoja hivyo, wala sioni faida ya kuificha mbele ya wanafunzi. Lakini ziko beti za kifo cha Bwana Mataka. Mauti yalipomfikia, alimkariria mkewe radhi, akashukuru. Hapo ndipo mume anapotoa kitu. Mke alitoa miaka yake, naye hakunyamaza kana kwamba miaka hiyo ilikuwa haki yake tu. Uvumilivu wa mke usiopata neno kama hilo ni kazi ya hamali. Na hamali naye, ifikapo jioni, hutua mzigo akalipwa.

Basi nikiulizwa ni beti zipi zisomwe kwanza mbele ya mwanamwali aliyekwisha kuposwa, nitasema ni hizo za kifo. Na aliyemposa aitwe, akae papo hapo, azisikie.